Shaba Mkiani mwa Gitaa

Gitaa la zamani la John D'Angelico likitolewa kwenye sanduku lililofungwa miaka mingi, fundi anayejua kazi yake hakimbilii kulipiga. Hulinusa kwanza. Akisikia harufu ya kafuri iliyochanganyika na ukali wa asidi, anajua atakachokikuta: nyuzi zimeota kutu, freti zimepata ukungu wa kijani, na kile kipande kikubwa cha shaba kinachozishika nyuzi kwa chini, ambacho zamani kilimetameta kwa dhahabu, kimeliwa upande mmoja kama bati la nyumba iliyopigwa na upepo wa bahari. Mbao hazina neno. Uso, mgongo na shingo, vyote vizima. Kilichougua ni chuma.

Mhalifu ni kibao chembamba cha plastiki ya kale chenye rangi ya gamba la kasa, kinachofungwa kando ya nyuzi ili kucha za mpigaji zisikwaruze vanishi. Plastiki hiyo ni seluloidi. Hutengenezwa kwa pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki kisha ikalainishwa kwa kafuri, kafuri ileile tunayowatilia marehemu wetu. Inaweza kukaa kimya miongo kadhaa, halafu ikaanza kuoza bila kupiga hodi: inapasuka vipande vipande na kutoa mvuke wa asidi. Sanduku likiwa limefungwa, mvuke hauna pa kwenda. Unatua juu ya chuma na kuanza kula. Ndiyo maana wenye magitaa haya siku hizi hukivua kibao hicho na kukiweka mbali, kama mtu anavyomtenga mgonjwa wa tetekuwanga na watoto.

Makala nyingi zinazosifu magitaa ya kutengenezwa kwa mkono husifu mti: mti umekatwa wapi, umekaushwa miaka mingapi, mistari yake imenyooka vipi. Sifa hizo ni za haki, ila zimenichosha kidogo. Mwaka hata mwaka mafundi wenyewe wamezitilia mashaka. Bob Benedetto, mmoja wa mafundi wakubwa wa Marekani, aliwahi kuchukua mbao za ujenzi zenye vifundo, zile unazoweza kupigilia dari, akachonga gitaa kamili ili kuonyesha kwamba mkono wa fundi una neno kubwa kuliko bei ya ubao. Mimi leo nataka kukaa upande wa shaba, chuma na dhahabu, kwa sababu kuna ubishi mmoja wa mwalimu na mwanafunzi wake ambao husimuliwa vizuri zaidi na chuma kuliko na mti.

Kwanza tuelewane ni gitaa gani. Gitaa la kawaida, lile la kanisani au la kijana wa mtaani, lina uso bapa na tundu la duara katikati. Daraja lake, kile kipande kinachobeba nyuzi, limegundishwa usoni kwa gundi, na nyuzi zinalivuta. Gitaa ninalolizungumzia lina uso uliobinuka kama mgongo wa kasa, na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Aliyewahi kukaa karibu na kikundi cha taarabu ameshaiona kanuni yake kwenye fidla: daraja halina gundi hata tone. Limesimama tu, limeshikiliwa na uzito wa nyuzi zinazolikandamiza. Nyuzi zikilegezwa zote, daraja linaanguka.

Nyuzi zikipita juu ya daraja haziishii hapo. Zinateremka mpaka kwenye kishikio kilichofungwa kwenye kitako cha gitaa, kikaning'inia juu ya uso bila kuugusa. Gitaa tayari lina kichwa, shingo, mbavu na mgongo, kwa hiyo kishikio hicho nitakiita mkia.

Mkia huo una kazi ya nguvu kuliko unavyoonekana. Nyuzi 6 za chuma za mpigaji wa jazi, zikikazwa kwenye sauti yake, huvuta kwa jumla ya takribani kilo 75. Mzigo wote huo umening'inia mkiani. Zikipinda juu ya daraja kwa nyuzi kama 12 za pembe (samahani kwa lugha yetu, uzi wa gitaa na uzi wa pembe ni neno moja), takribani kilo 15 zinalisukuma daraja kwenda chini, usoni mwa gitaa. Mkia ukiinuliwa kidogo, pembe inapungua, mzigo unapungua, na sauti inafunguka au inanyong'onyea, kutegemea uso umechongwaje. Ukiteremshwa, sauti inakaza na kukata. Fundi anayechonga uso wa gitaa hili huanza na ubao mnene wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, akauchimba kwa bobari na vijiranda vidogo visivyozidi kidole gumba, hadi katikati ubaki milimita 6 hivi na kingo ziwe nyembamba zaidi. Kila unene anaouacha ni jibu kwa zile kilo 15. Mtu wa mbao na mtu wa chuma, hata wasipoonana, wanafanya hesabu moja.

Uchongaji wa namna hii ulianzia kwa Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, aliyepata hataza mwaka 1898 kwa mandolini yenye uso wa kuchongwa. Kampuni yenye jina lake ikatoa gitaa la L-5 mwaka 1922, enzi ya mhandisi wake Lloyd Loar, likiwa na matundu ya f, na ndani ya shingo yake ufito wa chuma unaoweza kukazwa kwa nati ili shingo isipinde kwa mvuto wa nyuzi. Hataza ya ufito huo ilitolewa mwaka 1923 kwa jina la Thaddeus McHugh. Leo karibu kila gitaa la nyuzi za chuma duniani limeficha ufito wa aina hiyo shingoni, na wapigaji wengi hawajui kama upo mpaka siku shingo inapopinda.

Sasa twende New York, mtaa wa Kenmare namba 40, kwenye kitongoji cha Waitaliano cha Manhattan. John D'Angelico alizaliwa mwaka 1905, na akiwa na miaka 9 aliwekwa uanagenzi kwa mzee wa ukoo wake, Raphael Ciani, aliyetengeneza fidla, mandolini na magitaa. Mwaka 1932 akafungua duka lake mwenyewe hapo Kenmare. Magitaa yake ya mwanzo yalifuata ile L-5 bila aibu. Baadaye akapata sauti yake na mkono wake. Alitia kila gitaa namba na kuliandika kwenye daftari. Mpaka anafariki mwaka 1964 namba hizo, zilizoanza baada ya elfu moja, zilikuwa zimefika 2164, na hesabu inayokubalika ni magitaa 1,164. Ni kazi ya duka la watu wawili watatu kwa miaka 32. Kiwanda kingeimaliza kwa muda mfupi tu.

Wakati ule bendi za jazi zilikuwa na watu 15, tarumbeta zimepangwa safu, na amplifaya ilikuwa bado ngeni. Mpiga gitaa la ridhimu alitakiwa asikike kwa nguvu ya mkono na ukubwa wa gitaa. Ndiyo sababu magitaa yakavimba: inchi 16 za L-5 zikawa 17, zikawa 18 kwenye Gibson Super 400 ya mwaka 1934, na huko Boston Charles Stromberg na mwanawe Elmer wakafika inchi 19. Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, na ukiacha mapumziko mafupi, alikaa humo hadi kifo chake mwaka 1987, akipiga ridhimu tu. Ukiwauliza wapigaji wa bendi zetu za dansi watakwambia ridhimu ndiyo chumvi: ikikosekana ndipo walaji wanashtuka. Magitaa hayo makubwa yalitaka nyuzi nene, nyuzi nene zikataka mkia imara, na mkia imara, kwa fundi wa miaka ya 1930, maana yake ni shaba ya manjano, ule mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki unaokubali tupa, unaokubali nakshi na unaopokea dhahabu bila kiburi.

Mkia wa D'Angelico kwenye magitaa yake ya hali ya juu, Excel na New Yorker, ni kipande kizito cha shaba kilichochovywa dhahabu, na kingo zake zimekatwa ngazi kwa ngazi, zikipanuka kama ngazi za msikiti kuelekea chini. Magitaa ya bei ya chini yalifungwa mikia ya kununua. Vigingi vya kukazia nyuzi vya New Yorker ni Imperial za Grover, na vitufe vyake navyo vina ngazi. Hata ile picha ya jengo refu iliyochongwa kwa gamba la chaza na kupachikwa kichwani mwa New Yorker ni ya jengo la ngazi.

Ngazi hizi zimetoka kwa wanasheria. Mwaka 1916 jiji la New York lilipitisha kanuni za ujenzi kwa hofu kwamba maghorofa yaliyonyooka toka chini hadi juu yangegeuza mitaa kuwa mashimo yasiyoona jua. Kanuni ikataka jengo, kadiri linavyopanda, lirudi nyuma hatua kwa hatua. Wasanifu wakatii, na kutokana na utii wao likazaliwa umbo ambalo leo tunaliona kama alama ya jiji lile: jengo la Chrysler la mwaka 1930, Empire State la mwaka 1931, hoteli ya New Yorker yenyewe. Fundi wa Kenmare hakuwa na haja ya kutafuta msukumo mbali. Alikuwa akiinua kichwa anaona mkia wa gitaa umesimama wima. Sheria ya mwanga wa jua ikaishia kwenye shaba tumboni mwa mpiga ridhimu.

Kuna kipande kimoja cha chuma kwenye magitaa yake kinachonifurahisha kuliko vyote kwa sababu hakina kazi. Juu kabisa ya kichwa, katikati ya mkato unaofanana na kilele cha mlango wa kifahari, kimesimama kijidude cha shaba kama kijikuba. Hakishiki uzi, hakikazi kitu, hakitoi sauti. Mafundi wa milango ya Unguja na Lamu wangemwelewa mara moja. Ile misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka kwenye mlango wa Mji Mkongwe haimzuii mwizi yeyote, na asilani hakuna tembo anayeusukuma mlango wa Shangani. Ipo kwa sababu mwenye nyumba anataka ujue umefika kwa nani.

Mwaka 1952 alianza kushinda dukani hapo kijana wa Brooklyn, mpiga gitaa, James D'Aquisto, aliyezaliwa mwaka 1935. Alianza kama wanavyoanza wote: kufagia, kutumwa, kupiga msasa. Mzee alipofariki, yeye ndiye aliyeyamalizia magitaa yaliyobaki mezani, kisha mwaka 1965 akainunua biashara. Kwa miaka ya mwanzo magitaa yake yalikuwa ya mwalimu kwa sura: ngazi zilezile, shaba ileile.

Halafu akaanza kuondoa chuma. Hakukiondoa chote kwa mara moja. Alianza na mkia, katika miaka ya 1970, akauchonga kwa abunusi na kubakiza bawaba ya shaba tu kitakoni. Ukiuliza sababu, mizani itakujibu kabla ya sikio. Shaba ya manjano ina uzito wa takribani gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, abunusi inazunguka gramu 1. Kipande kizito kinachoning'inia mwisho wa nyuzi ni kama mtu mnene aliyekaa ukingoni mwa mtumbwi: kila mtikisiko unapita kwake kwanza. Zaidi ya hapo, sehemu ya uzi iliyoko kati ya daraja na mkia nayo inalia, kwa sauti nyembamba isiyoombwa, na mkia wa chuma huipokea na kuivumisha. Wapigaji wengi huinyamazisha kwa kipande cha kitambaa au mpira. D'Aquisto akaitafutia dawa kwenye mkia wenyewe.

Aliendelea. Kibao cha seluloidi, yule mhalifu wetu, akakigeuza cha mbao. Mapambo ya gamba la chaza yakatoweka, mistari myeupe kandokando ikapungua. Magitaa yake ya mwisho, kama Avant Garde na Solo, yana matundu mapana yasiyofanana tena na herufi f, na ukiyatazama kwa mbali hakuna kinachong'aa. Benedetto naye akafuata njia hiyo, akaufunga mkia wa abunusi kwa uzi mnene wa selo badala ya bawaba, hivyo hata ile shaba ndogo ya kitakoni ikaondoka. Ni kurudi kwenye fidla, mahali D'Angelico alipoanzia akiwa na miaka 9.

Abunusi hiyo, kwa sehemu kubwa, inatoka Afrika. Msomaji asiichanganye na mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, ambao safari yake ndefu huishia kwenye klarineti na zumari za Ulaya. Abunusi ya magitaa hukatwa zaidi Kamerun na nchi jirani. Kwa miaka mingi wanunuzi walitaka nyeusi tii tu, na mti uliokutwa na michirizi ya kahawia baada ya kuangushwa uliachwa porini uoze. Kampuni ya magitaa ya Taylor ya Marekani, ikishirikiana na Madinter ya Uhispania, ilinunua kiwanda cha mbao cha Crelicam mjini Yaoundé mwaka 2011, ikaanza kuuza abunusi yenye michirizi kama ilivyo. Nyeusi tii ilikuwa mapambo tu, kama kijikuba cha shaba. Uzi hauoni rangi.

Fizikia, basi, imempa haki mwanafunzi. Mimi bado nasitasita. Nikitazama picha ya New Yorker ya miaka ya 1950, ule mkia wa dhahabu unanipa kitu ambacho abunusi hainipi: najua gitaa hili limetoka wapi, mtaa gani, mwaka gani, na mwenye nalo alitaka kuonekana vipi jukwaani chini ya taa. Wapigaji wa wakati ule walivaa suti na viatu vya kung'aa. Jasho la mkono lilifuta dhahabu sehemu ambayo kiganja kiliegemea, shaba ikachungulia, na alama hiyo imebaki kama kizingiti kilicholika kwa nyayo. Mbao za D'Aquisto ni nzuri, lakini ni uzuri wa mtu aliyekaa chumbani na kusikiliza. Kenmare kulikuwa na kelele za barabarani, na kelele hizo zilipata nafasi kwenye gitaa.

Ubishi huu haukubaki Marekani. Amplifaya ilipofika, gitaa la uso wa kubinuka lilipata kipande kingine cha chuma, pikapu. Harry DeArmond wa Toledo, Ohio, alibuni pikapu inayoning'inia kwenye ufito kando ya nyuzi ili mwenye gitaa la bei asilazimike kulitoboa tumbo. Na mwaka 1953 Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, alitua Leopoldville na gitaa la umeme kufanya kazi katika studio za CEFA. Picha za bendi za jiji hilo za mwongo ule zinaonyesha magitaa ya matundu ya f, na chini kabisa, mkia wa chuma. Huo si wa kuchongwa kwa tupa. Ni ule wa kiwandani wa pembe tatu, fito mbili zilizokunjwa na kuchovywa nikeli, wa kupigwa kwa mashine kwa maelfu. Kanuni ni ileile, kilo zilezile, na rumba ya Kongo ilikolea juu yake bila kungoja abunusi.

Mwaka 1994 D'Aquisto alimtengenezea mkusanyaji Scott Chinery gitaa la Centura Deluxe, akalipaka buluu. Chinery alipoliona akawaomba mafundi wengine bora wa wakati huo kila mmoja atengeneze lake: la inchi 18, buluu hiyohiyo. Rangi na ukubwa vikifanana, jicho linabaki na vitu vichache vya kuwatambua mafundi: matundu, kichwa, mkia. D'Aquisto hakuyaona yakikusanyika. Alifariki Aprili 1995 akiwa na miaka 59, umri uleule aliofariki nao mwalimu wake. Magitaa ya buluu yalionyeshwa kwenye makumbusho ya Smithsonian mwaka 1997, na mwaka 2011 makumbusho ya Metropolitan ya New York yakawaweka mwalimu na mwanafunzi katika maonyesho mamoja, pamoja na John Monteleone, mrithi wao aliye hai.

Ukisimama mbele ya moja ya magitaa yale ya mwisho ya D'Aquisto, yale yasiyong'aa, usiondoke upesi. Inama utazame mwisho wa mkia wa abunusi, pale nyuzi zinapozama. Karibu kila uzi wa chuma wa gitaa, popote ulipotengenezwa, huisha kwa kishanga kidogo kilichosokotewa ndani yake ili usichomoke. Vishanga hivyo viko 6, vimejipanga ndani ya mti mweusi, kila kimoja kikiwa kimeshikilia kilo zake 12 hivi, na ni vya shaba.